Mbwa Wote wa Karen

Jumatatu, 12 Machi 2007

Siku yangu imefika! Mzee Hezekiah, mfugaji wa mbwa kule Karen, anataka kompyuta ielewe ukoo wa mbwa wake: alsesheni ni mbwa wa ulinzi, mbwa wa ulinzi ni mbwa, basi alsesheni ni mbwa. Kazi hiyo ni ya injini ya hoja, programu inayopewa sheria ikatoa hitimisho yenyewe. Atakayemridhisha mzee Ijumaa ndiye atakuwa mkuu wa kitengo chetu ofisini. Mimi au mwenzangu Ngina. Ngina kachagua mpangilio mwepesi, ule wa kufuata ngazi za ukoo tu. Maskini! Mimi nimewasha kila kitu, sheria zote za injini. Injini yangu itagundua mambo ambayo hata mzee hayajui.

Jumatano, 14 Machi

Niliianzisha asubuhi, nikashuka Moi Avenue kula chapati kwa maharagwe, nikarudi. Bado inafikiri! Ya Ngina hujibu papo hapo. Akaniambia nizime nisivyohitaji. Wivu huo! Badala yake nikaongeza sheria yangu: chenye anwani ni mbwa. Kwani kuna mbwa wa mzee asiye na anwani? Hakuna! Bosi wetu, Lornah, akauliza kama nimeijaribu. Nikamjibu kitu cha uhakika hakijaribiwi. Nikaomba nitangulie Ijumaa, Ngina akose la kusema.

Ijumaa, 16 Machi

Loo! Nilianza vizuri. Nikaiomba injini itaje mbwa wanaostahili sindano ya kichaa cha mbwa. Majina yakashuka ukutani: Tiger, Askari, Bosco. Mzee Hezekiah. Halafu mkewe, Mama Kaluki, aliyeketi mbele kabisa, mkoba mapajani. Nao wamo kwenye rekodi kama wenye mbwa, na wote wana anwani! Mama akasoma jina lake mara mbili, akanigeukia.

"Kijana, hiyo sindano utanidunga wewe, ama utaita daktari?"

Mzee akacheka hadi akakohoa. Ngina ndiye mkuu. Akanishauri, kwa upole unaouma, nianze na mpangilio mdogo, niongeze polepole.

Jumamosi, 17 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Mchungaji Macharia wa Waithaka anataka familia za washirika zipangwe kwenye kompyuta. Kanipa picha za ibada ya Krismasi. Sheria nimeshaandika: mwanamke aliyeketi kando ya mwanamume ni mkewe. Nikawasha kila kitu. Maajabu! Injini imegundua mchungaji mwenyewe ana wake wanne. Kumbe binadamu humjui! Kesho natangaza mbele ya ibada nzima.