Nilivyofukuza Kivinjari cha Zamani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nina miaka sabini na minane. Nimezika redio nne, baiskeli mbili, na daktari wa Karagwe aliyeniambia niache chumvi nikitaka kufika sitini. Mengine niliyoyapita siyaandiki. Kwa hiyo kompyuta hainitishi.

Hata hivyo leo imenitia aibu. Mjukuu wangu Pretty anaolewa. Mwezi ujao wageni watakuja kumwomba, gusaba yenyewe, na familia lazima iwe na msemaji: mtu wa kuwazungusha, kuwakatalia, kuwatoa jasho kabla ya kukubali. Msemaji ni mimi. Nani mwingine? Alhamisi saa kumi jioni ukoo wote utakutana kwenye kompyuta tuchague. Pretty yuko Nairobi, wengine Bukoba na Kampala, sisi hapa Kigali. Asiyetokea hachaguliwi. Ndivyo alivyosema Flaviana, mama yake Pretty, mke wa mwanangu. Flaviana akisema, kimesemwa.

Leo tumejaribu mitambo. Picha yangu ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Dakika nzima! Cyriaque, ndugu wa marehemu mke wangu, akiwa kwake Kabuga, akacheka mpaka akakohoa. Akasema shemeji umekuwa kama sambaza, dagaa wa Kivu, wa kukaanga. Na kompyuta zetu ni pacha! Flaviana alizileta mbili kutoka ofisini kwake walipobadilisha za zamani, moja yangu, moja ya Cyriaque. Yake haigandi. Na usemaji anautaka yeye. Tangu harusi yangu ya mwaka 1971 anataka kila kilicho changu, hata koti.

Sikukaa tena. Nimezunguka ua mara tisa. Kosa si langu. Kosa ni la kivinjari, hicho kidude kinachofungulia mtandao. Kimezeeka. Kitoke!

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka nikiwa mtaalamu. Nimetafuta kivinjari kipya, nimekishusha. Kimeshuka vizuri. Nikabofya. Kimya. Nikabofya mara arobaini. Kompyuta ikauliza nataka kufungua faili hilo kwa programu gani. Kwani fundi ni mimi?

Nikaenda kwa Sharif, Mtanzania wa Kigoma anayetengeneza simu karibu na soko la Kimironko. Akauliza kompyuta yangu ni ya aina gani. Nikasema nyeusi. Akauliza tena. Nikasema ikiwaka inaandika Linux. Akashika kichwa. Akasema mzee wangu, faili hilo ni la Windows, kuipa Linux ni kumvisha ng'ombe viatu. Akaniandikia mstari mmoja kwenye karatasi, niuandike ndani ya dirisha jeusi, herufi kwa herufi. Nikamwambia asinifundishe herufi. Nilifika darasa la nne, na la nne la zamani lilikuwa chuo kikuu.

Jumatano, 11 Juni

Dirisha jeusi nimelifungua. Mstari nimeuandika kwa dakika ishirini na tano. Kompyuta ikaomba neno la siri. Nikabonyeza 1947, mwaka wangu. Kioo hakikuonyesha kitu! Hata nukta. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nikajua vitufe vimekufa. Nikaigeuza kompyuta juu chini, nikaitikisa. Ikatoa makombo ya mandazi na siafu mmoja, mzima.

Nikarudi kwa Sharif, kompyuta kwapani. Akacheka bila adabu. Akasema Linux haionyeshi neno la siri likiandikwa, hata nyota haitoi, andika tu halafu bonyeza Enter. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima. Nikaandika mbele yake. Kivinjari kipya kikaingia! Wateja wawili wakanipigia makofi. Sawa, mmoja alikuwa anaua mbu.

Sharif akanisihi cha zamani nisikitoe kwanza, vikae vyote viwili, kwa sababu kile kinanikumbukia mambo yangu. Nikamwambia kwangu hakukai wawili. Aniandikie mstari wa kufuta. Hakutaka. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikaanza kuwasimulia wateja wake historia ya Karagwe. Akaandika haraka. Cha zamani kimekufa saa nane na dakika kumi mchana. Mabaki yake yote nimefuta pia, yasinuke.

Alhamisi, 12 Juni

Yebabawee!

Saa tisa nilikuwa na koti tayari. Nikafungua kivinjari kipya. Kinang'aa. Kikaniuliza mimi nani. Mimi nani! Cha zamani kilinijua, neno la siri la akaunti ya mikutano kilikuwa kinajaza chenyewe. Hiki kinataka niandike. Haidhuru. Neno nalijua, mwaka jana nilimtamkia Flaviana kwa mdomo wangu akaliandika: kalamu. Nikaandika kalamu. Kikakataa. Kalamu kwa herufi kubwa. Kikakataa. Kalamu polepole. Kikakataa.

Nikampigia Flaviana kazini Kacyiru. Akanong'ona kwamba yuko kikaoni. Nikasema neno la siri limeharibika. Akauliza lipi, nikamtamkia. Akauliza: baba, karamu ya kula au kalamu ya kuandikia? Swali gani hilo kwa mzee! Nimetamka wazi. Wanaochanganya r na l ni hawa wa Kigali, mimi nimekulia Karagwe. Nikakata simu. Nikaandika kalamu mara nne zaidi. Akaunti ikafungwa mpaka kesho.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikatoka mbio, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kabuga. Motari akauliza muzehe, haraka iko ya nini? Nikamwambia naenda kwa adui yangu kuomba kiti. Akaongeza mwendo.

Cyriaque alinifungulia akiwa na tai. Nikasema nimekuja kumsalimia. Hakuamini. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, nikakaa. Akanivuta. Sikutoka. Akapenyeza nusu ya tako. Ukoo ulipotokea kwenye kioo, sisi tulikuwa tunasukumana. Akasema umva, sikiliza shemeji, hapa ni kwangu. Nikasema alete sababu tatu za mimi kuondoka. Akasema nyumba ni yake. Nikasema nyumba tumeisikia, kiti kimesemaje? Akasema kiti alikinunua. Nikasema alete aliyemuuzia. Akasema hakunialika. Nikasema mgeni wa kualikwa kila mtu anaweza kumpokea, tabia ya mtu inaonekana kwa asiyealikwa. Ukoo wote kimya. Nilidhani wameganda.

Kumbe Pretty alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema babu ndiye. Akasema kama babu anaweza kumnyima mtu kiti chake ndani ya nyumba yake, hao wageni watatoka jasho mpaka kwenye soksi. Mikono ikainuka. Mimi ni msemaji! Cyriaque msaidizi. Alinipa mkono, akasema hongela, shemeji.

Hata hongera hawezi.

Jumamosi, 14 Juni

Jana Flaviana alifungua akaunti yangu kwa neno karamu. Anasema ndivyo nilivyomtamkia. Nimemweleza kwamba kile kivinjari cha zamani kililipindua neno kabla ya kufa, kwa kisasi. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sikulala vizuri kwa kufikiri. Ushindi huu umeletwa na nani? Kivinjari kipya! Bila hicho ningekaa kwangu, nisingekwenda Kabuga, Pretty asingeona uwezo wangu. Flaviana akasema baba, kompyuta ya Cyriaque uliyoshindia inatumia kile kile ulichofuta. Nikashtuka. Msaidizi wangu anaishi na takataka ile! Ikimgandisha katikati ya kazi je?

Asubuhi nikaenda Kabuga na karatasi za Sharif. Cyriaque akaenda kuchemsha chai. Neno la siri la kompyuta yake ni mwaka wake wa kuzaliwa, nani asiyejua? Sasa naandika mstari kwa dakika kumi tu. Nikamwekea kipya, nikatoa cha zamani, mabaki yote nikafagia. Sikumwambia. Zawadi haitangazwi. Nikanywa chai, nikaaga.

Haya yote ni kweli. Muulizeni Sharif wa Kimironko. Muulizeni Flaviana, ila si leo. Muulizeni yule motari, anapaki kwenye kona ya soko. Na Cyriaque atashuhudia pia. Tangu saa sita amenipigia simu mara kumi na moja, anauliza kama ninajua neno la siri la akaunti yake lilikuwa nini.