Seremala Avamia Kompyuta Kuukuu

Kusanyikeni, enyi wenye masikio, mlio sebuleni na mlio uani, na aliyeshika mwiko auweke chini kwanza, nipate kuwasimulia vita alivyopigana Seremala, simba wa randa, mnyoosha mbao zilizopinda, siku alipojitosa dhidi ya kompyuta kuukuu ya mkewe akiwa na bisibisi mkononi na ujinga mwingi kichwani. Naam, ujinga. Sifa za shujaa hazisimuliwi nusu nusu.

Kompyuta ile ilikuwa nzito kama tofali, na mtandao ilikuwa ikiudaka na kuuachia ipendavyo. Alasiri hiyo mkewe, Mshonaji, malkia wa pindo, alikuwa aanze kufundisha kushona kwa njia ya mtandao, darasa lake la kwanza maishani. Alitaka kioo kikubwa, aone wanafunzi wanavyoshika sindano, simu isingefaa.

"Baba Watoto, naipeleka kwa fundi," akasema asubuhi.

Seremala akasimama, akajaza kifua pumzi, akanena: "Mke wangu, mimi niliyeinua mapaa yakakaa, niliyetia milango isiyo na idadi, leo nishindwe na kisanduku kisichojaza hata meza? Fundi gani tena, ilhali fundi ndiye huyu aliyekuoa?"

"Haya. Lakini darasa likinipita, utanieleza."

Seremala akaiwasha, nayo ikamjulisha kwamba draiva, ile programu ndogo iliyo mkalimani baina ya kompyuta na kadi yake ya kudaka mtandao, imepitwa na wakati. Hapo shujaa akatenda kosa ambalo seremala pekee angelitenda. Alijua tangu ujana wake kwamba msumari wenye kutu hung'olewa kwanza, ndipo mpya upigiliwe. Akaing'oa draiva ya zamani, akaifuta isibaki hata chembe, kisha akaingia mtandaoni kupakua mpya. Mtandao haukuwepo. Mwenye kuuleta ndiye aliyekwisha kufutwa.

Shemeji yake, kaka mdogo wa Mshonaji, aliyekuja kusalimia tu, akacheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji, umekata tawi ulilokalia. Dada nilimwambia aolewe na fundi umeme."

Lakini simba hakimbii kelele. Akachomoa simu mfukoni, akaingia katika tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, akapakua draiva, akaivusha kwa waya. Kadi ikaikataa. Akaleta nyingine, ikakataliwa. Akaleta ya tatu, nayo ikarudishwa kama posa ya mlevi. Mshonaji alikwisha kuvaa gauni lake zuri na kupanga vitambaa mezani. Hapo Seremala aliogopa kweli, si kwa ajili ya jina lake, bali kwa kuwa alimwona mkewe akikunja kitambaa kilekile, akikikunjua, akikikunja tena.

Akaketi sakafuni, macho yakatua mlangoni.

"Shemeji, mlango huu aliutengeneza nani?"

"Si wewe? Ndiyo maana haufungi vizuri."

"Na bawaba zake?"

"Za dukani."

"Basi! Aliyeunda kompyuta siye aliyeunda kadi. Muda wote huu tunabisha hodi nyumba siyo."

Akaizima, akaipindua, akatoa betri, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Mle ndani, katikati ya vumbi, kadi ilikuwa imejilaza, ndogo kama kiberiti, imeandikwa jina la muundaji wake na namba kwa herufi za sisimizi. Shemeji akasoma, Seremala akaandika kwenye simu, na draiva yake halisi ikapatikana. Akafunga skrubu zote. Moja ilizidi, akaitia mfukoni wala hakumwambia mtu. Akaiwasha, akaingiza draiva, akasubiri bila kupumua. Vimistari vya mtandao vikainuka, kimoja, kingine, hadi cha mwisho.

Mshonaji akaketi mbele ya kioo, nyuso za wanafunzi zikajitokeza.

"Karibuni, wanafunzi wangu. Kabla hatujaanza, tumpigie makofi mume wangu, yeye ndiye aliyetuwezesha kuonana."

Mikono yote ikapiga makofi, na sebule ikawa kimya kama kaburi. Sauti haikutoka. Seremala akanyanyuka na bisibisi yake.

"Baba Watoto, weka chini hiyo bisibisi," akasema mkewe taratibu, akabonyeza kitufe kimoja cha sauti.

Makofi yakajaa sebuleni. Shujaa akasimama kuyapokea, kifua mbele, macho yamemlowa, akasimama na akasimama, mpaka mkewe akageuka akitabasamu.

"Asante, mume wangu. Nashukuru sana. Sasa toka, nafundisha."

Akatoka akinyata. Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba katika sebule ile haujapata kutokea ushindi mkubwa kuliko huo.