Kofia ya Mlima Ushenka na Jina la Mjukuu Wangu

Jumatatu, tarehe 3, Mwezi wa Matone
Kosa la wengi ni kuutazama Mlima Ushenka usoni. Mlima una haya. Ukikodolewa macho, huvuta kofia yake ya wingu hadi mabegani. Ndiyo maana sisi wa kijiji cha Vorrel huusalimu kwa kuupa mgongo. Nimefundisha hili miaka arobaini, na bado watu huchungulia. Mwaka huu nami nitachungulia, ila kitaalamu. Anayekiona kilele kwanza ndiye huwapa majina watoto wote wachanga, na mjukuu wangu ana miezi sita bila jina. Mwaka jana alikiona Dagmo, mtengeneza jibini. Tuna Jibini Mkubwa, Jibini Mdogo na Mtindi.

Jumanne, tarehe 4
Nimesugua sufuria kwa kofia ya mjukuu hadi ikawa kioo. Nikaupa mlima mgongo, macho kwenye sufuria. Sheria haikuvunjwa. Mlima ukajiona, ukapiga chafya. Dagmo amenifukua kwa koleo, akiniuliza, "Mwalimu, unapika theluji au theluji inakupika?"  Kinywa changu kilikuwa kimejaa hiyo theluji.

Jumatano, tarehe 5
Mbinu mpya: kujifanya nimelala, jicho moja wazi. Macho yote mawili yakajifumba. Dagmo anadai nilikoroma hadi mbuzi wakaitikia. Alinifunika blanketi lake. Uchokozi mtupu.

Alhamisi, tarehe 6
Binti yangu Ismi kaniambia, baba, achana na mlima, nishikie mtoto, na kofia yake iko wapi? Nikamweleza kwa utaratibu kwamba namhangaikia mtoto, hivyo sina nafasi ya kumshika. Kofia yenye masizi niliisukumia chini kabisa mfukoni. Nimeshachagua jina: Hoja.

Ijumaa, tarehe 7
Kijiji kizima uwanjani kwa salamu, migongo mlimani. Mjukuu alikuwa kwenye kikapu mgongoni mwa Ismi, uso nyuma kama watoto wetu wote. Wenzake walikuwa na kofia hadi puani. Yeye kichwa wazi. Nadhani mlima ulimwona mwenzake hana kofia, ukavua yake. Mtoto akacheka, akanyoosha kidole, akasema, "Pfuu!"
Aliyeona kwanza ndiye hutoa jina. Watoto wote wanne wa mwaka huu wanaitwa Pfuu. Dagmo alicheka hadi akanikumbatia. Nami nilicheka, kidogo.

Jumamosi, tarehe 8
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu lilikuwa kusimama kwa miguu yangu mwenyewe. Dagmo amekubali kunibeba mgongoni mwakani, mradi mtoto mmoja aitwe Siagi.
La kufanya leo, kabla ya chai: suka kikapu cha kunitosha.