Mikono Niliyopeleka kwa Wakwe

Jamani, leo nimeaibika hadi nikatamani ardhi ipasuke. Mkiona mwandiko umepinda, ni vidole. Bado vinawasha.

Mnajua leo tulikuwa tunapeleka mbuzi watatu kwao Mwende, kule juu Mbooni. Wakipokewa, Mwende ni wangu. Wakirudishwa, basi. Na babake, Mzee Nzioka, alishatangaza sokoni kwamba binti yake haolewi na "fundi cherehani mwenye mikono ya mtoto wa shule". (Mikono yangu ni myembamba. Sikatai.)

Ndipo Kioko akanishauri. Kioko, usijifiche, ni wewe! "Kata tyubu ya baiskeli, funga mkono huku juu karibu na bega, halafu nyanyua kitu chepesi. Damu inakwama, msuli unafura. Chuma kizito cha nini?" Mwezi mzima nimenyanyua kopo la rangi lililojaa simiti nyuma ya duka. Na kweli mkono ulikuwa unafura! Shida ni kwamba ukifungua, robo saa tu, umesinyaa tena.

Ulisema pia nisikae na mpira zaidi ya dakika chache. Hiyo nilisahau. (Uongo. Sikusahau.)

Basi leo asubuhi, chini ya mlima, nikaingia kichakani. Nikafunga mikono yote miwili, nikanyanyua mawe, nikavaa shati nililojishonea mwenyewe, limebana makusudi. Nilipotoka, Mjomba Muli akanikagua.

"We Mutua, umeumwa na nyuki?"

"Ni mazoezi, mjomba."

"Haya. Vuta mbuzi."

Njia ile ni mwinuko mtupu. Katikati ya mlima vidole vikaanza kufa ganzi. Tulipokaribia boma, kamba ya mbuzi nilikuwa naiona mkononi lakini siisikii. Nikajiambia, vumilia, wewe si mwanaume?

Mzee Nzioka akatupokea. Akatazama mikono yangu mara mbili. Akatabasamu! "Huyu ndiye yule fundi kweli?" Pembeni palikuwa na gunia la mahindi, nikajua hilo ndilo mtihani wangu. Nikajipanga kwa gunia.

Lakini kwanza ikaja chai.

Mwende akanipa kikombe. Nikakishika. (Nilidhani nimekishika.) Chai yote ikamwagika ndani ya kofia ya Mzee, aliyokuwa ameipakata. Kikombe kikafuata.

Mzee akaitazama kofia, akanitazama mimi. "Na nilikuwa nataka nikupe gunia!"

Nikainama niokote kikombe. Vidole vikagoma. Mwende akapiga kelele, "Woi! Kucha zake zimekuwa za buluu!"

Sasa, mnajua kwetu mtu na mama mkwe hawakaribiani. Hata mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Tangu tufike, mamake Mwende alikuwa jikoni, hatujaonana hata uso. Lakini mama huyu ni nesi wa zahanati. Kusikia kucha za buluu, akatoka mbio na makasi.

"Vua shati!"

Likakataa kuvulika. Nililishona vizuri mno.

Akalikata mikono yote hadi mabegani, mbele ya wazee wa pande mbili. Akakata na mipira. Kisha akashika mikono yangu, ile yangu halisi, akaikagua kidole kwa kidole hadi kucha zikarudi rangi yake. Wazee wote wakageuka kwa heshima. Mbuzi peke yao ndio waliotazama.

"Nani alikufunga?" akauliza, akiangalia chini.

"Mimi mwenyewe, mama."

"Kwa nini?"

Ningedanganya nini tena? "Nilisikia mikono yangu haitoshi kuoa hapa."

Mwende akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia, nikamhurumia. Kumbe anacheka, jamani, mabega yote yanatetemeka!

Mzee akakamua kofia yake polepole. Nikamwangalia Mjomba, Mjomba akaangalia njia ya kurudi.

"Mbuzi wabaki," Mzee akasema. Karibu nimkumbatie. "Lakini siku ya harusi uje na hiyo mikono yako ya kila siku. Na kofia utanishonea nyingine."

Nawaomba msicheke. Nimeoa, au karibu nimeoa, na shati halina mikono. Mipira imebaki kwa mama mkwe. Aliuliza ni daktari gani alinishauri, akasema angependa sana kuonana naye. Kioko, nimemwelekeza hadi mlangoni kwako.