Ombi la Kuhesabiwa Pamoja na Wanyama wa Bwawa la Tope

Ndugu Meneja wa Kituo cha Majitaka,

Baada ya salamu zinazokustahili, nalalamika kuhusu wanyama unaowafuga katika bwawa lako la tope. Najua hawaonekani kwa macho, na kazi yao ni kula uchafu wetu mpaka maji yatakate. Kazi yao naiheshimu. Ugomvi wangu ni binti yangu, fundi wako wa maabara, mtu pekee niliyebaki naye tangu tulipohama kwetu, yeye akiwa mgongoni mwangu, miaka thelathini na minne iliyopita.

1. Kila asubuhi hupiga simu kituoni kuuliza wameamkaje. Shikamoo yangu huja baadaye, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango.

2. Ijumaa mashine ya kuwapulizia hewa ilizimika. Akaacha chakula mezani: "Baba, maliza tu, wenzio wanakosa pumzi." Wenzangu! Mimi nina pumu, Ndugu Meneja, na dirisha la chumba changu limekwama tangu mvua za mwaka jana.

3. Huwahesabu kwa hadubini na kuwaandika daftarini: watambaao thelathini na mmoja, waogeleao tisa. Mimi, niliyeandikishwa katika madaftari ya nchi tatu na kufutwa katika mawili, nyumbani sihesabiwi, ingawa niko mmoja na hesabu yangu haichoshi.

Kwa hiyo naomba umpige marufuku kuwahesabu, au uniandikishe nami, chini ya watambaao, nikaguliwe kila asubuhi na kupuliziwa hewa. Chakula nitajitegemea.

Nisalimie mlinzi wa getini na makarani wote. Hao wa bwawani waache, wanasalimiwa vya kutosha.

Ni mimi, baba wa fundi wako.

Tanbihi: Kwa kuwa sina tarishi mwingine, barua hii nilimpa binti yangu. Aliisoma, akanirudishia, na Jumamosi akanipeleka maabara, akaniketisha mbele ya hadubini. Ndani ya tone la maji ya bwawa nilimwona mmoja wao mwenye umbo la kengele, amejishikiza kwa kikonyo kwenye bonge la tope. Hewa ilipopungua katika tone lile, alikiacha kikonyo chake, akaondoka akizungukazunguka kutafuta pengine pa kujishikiza. Nikauliza kama atapata. "Wengi hupata, Baba," alisema, akavuta kiti karibu na changu. Tulimtazama mpaka chai ikapoa. Maombi yote hapo juu nayafuta. Nabakiwa na moja tu: nijulishwe ametua wapi.