Hesabu za Jalala la Mama Mkwe

Jumatano, 11 Juni 2025. Shinyanga.

Habari njema: nimebakiza ripoti moja tu niwe mhasibu. Habari isiyo njema sana: ripoti yenyewe sijaianza.

Mwalimu Hosiana katukumbusha leo darasani. Kila mwanafunzi aandae hesabu za mwaka za biashara halisi, kutoka kwenye madaftari ya biashara hiyo, na mwenye biashara atie sahihi. Mwisho Jumatatu saa sita mchana. Asiyeleta anarudia mwaka. Tuko kumi na tisa na hakuna hata mmoja aliyesomea uhasibu. Ndiyo maana ya kozi yenyewe, stashahada ya uzamili kwa waliotoka fani nyingine. Kuna wauguzi, bwana shamba, mchungaji mmoja, na mimi, mtu wa akiolojia. Wenzangu wanahangaika na debiti na krediti. Mimi nimefundishwa kusoma vitu vilivyozikwa miaka elfu mbili. Hesabu za mwaka jana zitanishindaje?

Tatizo dogo. Mwezi wa nne nilimwambia mke wangu Eufrasia kwamba ripoti nimemaliza na nimesifiwa. Ilikuwa jioni nzuri, sikutaka kuiharibu. Yeye akamwambia mama yake, na mama yake akaitolea shukrani kanisani. Halafu kuna yale makubaliano yetu: nisome mimi kwanza, Oktoba iwe zamu yake, akasomee shahada ya uuguzi Mwanza. Zamu yake imeshasogezwa mara mbili. Nikirudia mwaka itasogezwa tena. Kwa hiyo asijue chochote.

Biashara nimeshachagua: karasha la mama mkwe kule Rwamgasa, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji. Nimemwambia Eufrasia nakwenda kutoa mada kwa wachimbaji wadogo. Kanipigia pasi shati.

Alhamisi, 12 Juni. Rwamgasa.

Nimefika. Vumbi mpaka kwenye meno.

Sikuwa nimefikiria suala la mila. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Tukikutana njiani, naingia majanini mpaka apite. Na madaftari ya karasha yamo kwenye sanduku la bati, na sanduku liko chini ya kitanda chake. Chumba hicho siwezi kukikanyaga hata nyumba ikiungua.

Nikabuni mbinu. Nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko, yeye ndani anasonga ugali. Nikamwamkia, akaitikia. Nikauliza, kwa sauti ya heshima, anakadiriaje uchakavu wa mashine. Akajibu kwamba yeye hajambo, ila goti. Nikauliza kuhusu wadaiwa. Akajibu kwamba mvua mwaka huu zilikuwa haba. Kisha akauliza kama ile ripoti si nilishaimaliza. Nikasema nilishamaliza, nahakiki tu. Akasema Mungu ni mwema.

Jioni kaja Bujiku. Huyu ni mume wa Esta, mdogo wake Eufrasia. Ni daktari wa mifugo na tunasoma darasa moja. Darasani ng'ombe anamwita mali ya kudumu, hata yule anayechinjwa kesho. Kumbe naye kachagua karasha hilihili! Kaja na sukari kilo mbili na shati jeupe. Namwonea huruma. Mila inambana kama inavyonibana mimi, ila yeye hana ubunifu.

Ijumaa, 13 Juni.

Nimepata! Saa kumi na moja alfajiri, nikiwa bado kitandani gesti. Madaftari ya nini? Sisi watu wa akiolojia hatukuwahi kupewa madaftari. Tunachimba jalala la watu na kujua walikula nini, walinunua nini, nani alikuwa tajiri. Na mama mkwe ana shimo la takataka nyuma ya jiko, la miaka mingi.

Nimekwenda na kamba, vigingi, mwiko wa fundi na mswaki wa kupangusia. Nimepima mraba wa mita mbili na kuchimba tabaka kwa tabaka. Matokeo ni ya kupendeza mno. Tabaka la juu: nusu ya risiti ya dizeli. La pili: gololi tatu za karasha zilizolika. Uchakavu wa mashine huo, nimeushika mkononi! La tatu: mifupa ya mbuzi, ambayo nimeiingiza kwenye gharama za ukarimu kwa wateja. Mama mkwe akapita kwenda kisimani. Nikainamia shimo, heshima ikazingatiwa.

Mchimbaji mmoja, Donatus, kasimama muda mrefu akinitazama nikipangusa kokoto kwa mswaki na kuandika. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia siwezi kusema, ila kilichomo humu ni cha thamani kubwa na watu hawajui tu. Akashukuru sana na kuondoka mbio. Kijana mstaarabu.

Jumamosi, 14 Juni.

Rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoita watu kumiminika penye fununu ya dhahabu.

Nimefika saa moja asubuhi nikakuta watu arobaini nyuma ya jiko, kila mmoja na sururu. Saa tatu walikuwa mia mbili. Donatus aliwaambia kuna mtaalamu kutoka Shinyanga kaona mwamba wa dhahabu kwa mama Eufrasia, na kwamba mtaalamu mwenyewe kakiri. Nikapiga kelele kwamba hakuna dhahabu. Wakazidi kuchimba. Kumbe mtu anayekana ndiye anayeaminika! Mama mmoja akaweka jiko la chapati palepale. Mwingine akauza maji.

Nikaruka shimoni kuokoa tabaka la nne. Hapo ukuta wa jiko ukalala chini, taratibu, na moshi wake wote.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa kasimama juu yangu. Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kumwona usoni. Ana kidevu cha Eufrasia. Nikavaa ndoo kichwani haraka. Nikiwa ndani ya ndoo nikamsikia akiniuliza, kwa sauti ya chini, amenikosea nini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mwenyekiti wa kitongoji kawatawanya watu alasiri, baada ya wao kuosha udongo wote na kupata vizibo vya soda na kijiko. Nimetozwa mbuzi kwa kuvunja mila, na jiko nitalijenga mimi.

Bujiku muda wote alikaa kivulini, madaftari manne ya karasha mapajani, ananakili. Nikamuuliza kayapataje. Akasema alimwomba mkewe. Esta akaingia chumbani kwa mama yake, akayatoa. Basi. Mtu hana mbinu kabisa!

Jumatatu, 16 Juni. Shinyanga.

Nimewasilisha saa tano na dakika hamsini na tano. Kurasa thelathini, na michoro ya matabaka kwa rangi.

Mwalimu Hosiana alianza kuisoma amesimama, akaketi. Akauliza kama mifupa ya mbuzi ina stakabadhi. Akasema kafundisha miaka kumi na moja na hajaona kitu kama hiki. Nikamshukuru. Akasema haikuwa sifa. Kanipa mpaka Jumatatu ijayo nilete hesabu za kwenye madaftari, na sahihi ya mama mkwe. La sivyo narudia mwaka.

Bujiku kapata themanini na nne. Nimempongeza kwa ukomavu mkubwa, nikamwambia jalada lake limepinda.

Jumatano, 18 Juni.

Esta kampigia dada yake simu. Eufrasia anajua yote.

Hakufoka. Kanipakulia chakula, kakaa mbele yangu. Akasema, Baba Mariana, kinachomuuma si jiko wala mbuzi. Kinachomuuma ni kwamba niliona heri kuchimba uwanja wa mama yake kuliko kumwambia yeye sentensi moja. Akasema madaftari yapo. Nikimwomba, Jumamosi atakwenda mwenyewe Rwamgasa kuyachukua, na sahihi atarudi nayo. Ila nimwombe, kwa mdomo wangu.

Maneno yameniingia. Kweli kabisa. Nimejiona mdogo.

Kwa hiyo nimeamua: nitamfanya ajitolee mwenyewe bila kuombwa. Kumwomba ghafla kutaonekana sikumwelewa. Nimeandaa mpango wa hatua saba.

Ijumaa, 20 Juni.

Hatua ya kwanza: kushusha pumzi mezani. Nimeshusha tatu. Kauliza kama ni gesi, kaniletea tangawizi.

Hatua ya pili: kuacha barua ya Mwalimu Hosiana mahali pa wazi. Kaisoma, kaikunja vizuri, kanirudishia.

Kisha akatoa fomu yake ya chuo cha Mwanza, akajaza kwa kalamu ya wino. Akasema Oktoba anakwenda, nifaulu nisifaulu, na mtoto wetu Mariana atabaki na mimi na sufuria. Akataja pia kwamba basi la Geita kesho linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akanitazama kwa muda. Nikatazama dari.

Ni dhahiri anaanza kulainika.

Jumamosi, 21 Juni.

Saa kumi na mbili kasoro kumi. Eufrasia yuko macho, amevaa, amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wake. Hasemi kitu. Mimi pia sisemi, maana hatua ya tatu ni ukimya.

Saa kumi na mbili na robo. Honi ya basi imesikika ikiishia barabara kuu. Kavua viatu, kapanda kitandani, kanigeuzia mgongo.

Safi sana. Hatua ya nne naianza akiamka.