Pilipili ya Mama Mkwe Kwenye Sakafu ya Moto

Jumatatu, 8 Januari

Mama Eun-seol kaondoka na treni ya asubuhi kwenda Daejeon. Binti yetu kajifungua mtoto wa kiume. Siku ishirini na moja za uzazi, wageni hawaingii. Hata babu! Nimebaki na sufuria ya supu ya mwani, ndoo ya kimchi, ile kabichi yetu ya chumvi na pilipili iliyochachuka, na mti wa pilipili.

Mti, kwa heshima tu. Ni kisiki. Mke wangu aliung'oa shambani kabla ya theluji, akakata matawi yote, akautia kwenye chungu na kuuweka kibarazani nyuma ya vioo. Anasema ndio wa mwisho wa pilipili za marehemu mama yake. Mbegu hakuna. Zilikuwepo, sikatai. Zilikuwa ndani ya pilipili thelathini zilizotundikwa jikoni, na mwezi wa kumi nikazipeleka mashineni zikasagwa pamoja na nyingine. Nilikuwa nasaidia. Hajanisamehe.

Maagizo yake mlangoni: "Baba Eun-seol, kazi yako ni kutofanya chochote. Nusu glasi ya maji kila Jumapili, basi. Umelala huo. Uache ulale mpaka baridi iishe." Nikamwambia aende kwa amani. Mimi nimeendesha basi miaka thelathini na moja bila ajali. Yule kuku hahesabiki.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekutana na Bi Tak kwenye lifti. Bi Tak wa ghorofa ya nne, chini yetu kabisa. Mjane, mwenyekiti wa akina mama wa jengo hili, na kwa maoni yake mwenyekiti wa kila kitu. Naye ana mti wa pilipili dirishani. Una pilipili tatu nyekundu, Januari hii, na hakosi kuzitaja. Akaniuliza hali ya kisiki changu kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa asiyepona. Nikasema changu kitazaa kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Akasema, "Mzee Pyo, pilipili haiendeshwi kama basi."

Tutaona.

Nimepanda kwangu nikaukagua mti. Kibarazani kunauma masikio. Ndiyo maana umelala, hata mimi ningelala! Sasa, mtu wa heshima akija nyumbani tunamkalisha wapi? Pale sakafu inapowaka zaidi, karibu na jiko, mabomba ya maji ya moto ya kupasha nyumba yanapoingilia chini yake. Mama mkwe enzi zake hakukaa pengine. Basi na pilipili yake ikae hapohapo. Nimeihamisha. Nimelala usingizi wa mtu mwema.

Jumapili, 14 Januari

Umechipua! Machipukizi mawili, kila moja kama punje ya mchele. Nimepiga picha. Mama Eun-seol sikumtumia, angeuliza nimepigia wapi.

Nimeshuka na taka mara tatu kupitia mlango wa Bi Tak ili tukutane kwa bahati. Mara ya tatu akafungua, akauliza kama taka zangu siku hizi zinahama kwa awamu. Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akatazama mno, akauliza mbona nyuma kuna zulia la sebuleni. Nikasema ni mwanga tu.

Nimekumbuka kitu cha kunitia moyo. Mama mkwe, kila Februari, alifunga mbegu kwenye kitambaa kibichi na kujifunga kiunoni, ndani ya nguo, wiki nzima mpaka ziote. Alitembea wima, mkono kiunoni, hakubali kuinama hata kuokota kijiko. Huo nao si moto? Angeniunga mkono yule mama.

Jumatano, 17 Januari

Baridi ya leo haina adabu. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nimepandisha joto la sakafu mpaka kitufe kikagoma. Kisha nimekifunika chungu kwa blanketi, kama tunavyofunika bakuli la wali la mtu aliyechelewa kurudi.

Halafu nikapata wazo, na sioni haya kusema ni wazo kubwa. Mwanamke aliyejifungua tunampa nini apate nguvu? Supu ya mwani. Mti unaotaka kuzaa je? Eun-seol anakunywa kule, mti unakunywa huku. Nimeupa bakuli zima. Niliipoza kwanza, mimi si mjinga. Mwani wenyewe nimekula.

Mama Eun-seol kapiga simu. Mtoto anashiba, analala. Akauliza mti je. Nikasema nao unashiba. "Unashiba?" akauliza. Nikasahihisha: unalala. Akasema haya.

Jumamosi, 20 Januari

Machipukizi yamedondoka. Shina limekuwa jeusi chini. Nimelivuta kidogo tu kulitia moyo, likatoka lote mkononi bila ubishi. Mizizi inanuka mboga ya kuchemsha.

Nimeipika. Nimepika mizizi ya pilipili ya mwisho ya mama mkwe, na chumvi nimetia.

Nikakaa sakafuni nihuzunike. Nikainuka upesi, sakafu inaunguza. Nimehuzunika nimesimama. Yule mama alinipa binti yake wakati sina koti la pili, ndugu zake wote wakimcheka. Alikufa hajanidai hata shukrani. Kilichobaki chake ni hicho kisiki. Na Mama Eun-seol hatapiga kelele, namjua. Atakitazama tu, kisha ataenda kuosha mchele.

Nimekirudisha kibarazani, nimekishindilia udongo kisimame.

Jumatatu, 22 Januari

Mpango! Tawi moja la mti wa Bi Tak. Nalichomeka kwenye chungu, nasema limechipua. Pilipili ni pilipili.

Nimeshuka na mapeasi manne mazuri, mkasi ndani ya soksi. Bi Tak kanikaribisha chai. Nikaomba kwenda msalani. Nikakata kona, huyo dirishani penye mti. Mkasi ukakwama kwenye soksi, nikawa nimesimama mguu mmoja nauvuta, ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mzee Pyo, choo kimehamia huku lini?"

Nikamwambia yote. Sakafu, blanketi, supu. Kwenye supu akajishikiza ukutani. Nilidhani analia.

Alipopata pumzi akasema mti niliotaka kuukata ndio wenyewe. Ndio wa mama mkwe! Mama Eun-seol aliushusha kwake mwezi wa kumi na moja, usiku wa kesho yake mwingine ukapanda kwangu. Kisiki changu ni cha mche wa sokoni. Nikauliza kwa nini. Akasema mke wangu alimwambia hivi: "Baba Eun-seol akikosa cha kuharibu, ataharibu cha maana. Bora nimwachie chake."

Niliumia. Nasema kweli, niliumia. Miaka arobaini ya ndoa. Nikapanda ngazi kwa miguu.

Lakini pilipili za mama mkwe ziko hai, tatu, nyekundu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nacheka peke yangu. Mapeasi nimemwachia.

Jumatatu, 29 Januari

Mama Eun-seol karudi, kakonda, ana picha mia mbili za mtoto. Mtoto ana masikio yangu, maskini. Kaenda kibarazani, kakigusa kisiki, kikaanguka. Akasema, "Pole kwa kazi." Basi. Akaenda kuosha mchele.

Baadaye kashuka kwa Bi Tak, amekaa saa mbili. Kicheko nimekisikia kupitia sakafu.

Ijumaa, 2 Februari

Nimesamehewa!

Leo Mama Eun-seol kanikalisha chini, kanipa kitambaa kibichi kilichokunjwa vizuri. Mbegu za mama yake, kasema, kutoka zile pilipili tatu. Zikae mahali pa joto la wastani wiki moja, nisizifungue, nisizimwagie kitu. Kanitazama usoni kwa upole kabisa: "Hizi ni zako, Baba Eun-seol." Nusura nilie. Miaka arobaini ya ndoa si mchezo.

Nimechungulia kidogo tu. Nyeupe, bapa, kubwa karibu kama za boga. Sikujua mama mkwe alikuwa na pilipili za aina hiyo.

Mama Eun-seol mwenyewe hayuko sawa. Tangu asubuhi anatembea wima, mkono kiunoni. Kijiko kimemdondoka, kaniita mimi nije kukiokota. Anasema ni mgongo, kambeba sana mjukuu. Nimemshauri alale pale penye moto, kakataa. Vizuri, maana pale nimeziweka mbegu.

Joto la wastani, anasema. Nje barafu, mbegu zina haraka, na Bi Tak anasubiri nishindwe. Nimepandisha kidogo. Supu safari hii sitii. Nimejifunza. Natia maji ya kimchi.